Velomobili: Ndai ya Pedeli Isiyojua Bei ya Mafuta

Velomobili ni baiskeli iliyovalishwa bodi kama ya ndai. Nyingi zina tairi tatu, mbili mbele na moja nyuma. Unakaa chini umeegemea, miguu mbele, unakanyaga pedeli. Injini ni mapaja yako, buda.

Na si kitu ya juzi. Mfaransa Charles Mochet aliunda Vélocar, ya tairi nne na siti mbili, kabla ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka wa 1933 Francis Faure alipanda baiskeli ya Mochet ya kuendeshwa ukiwa umelala, tairi mbili tu, akavunja rekodi ya saa moja kwa zaidi ya kilomita 45. Wakubwa wa mbio wakakasirika, 1934 wakazipiga marufuku. Wivu tu! Vita ilipofika na petroli kupotea Ufaransa, wasee wakakimbilia Vélocar. Mafuta yaliporudi, wakazitoroka.

Siku hizi Uholanzi ni kati ya wale wanaziunda. Mvua haikupati ovyo, na bodi inakata upepo, so kwa lami tambarare unaweza shikilia kilomita 30 kwa saa bila kutoa ulimi nje. Kwa mlima sasa, kilo thelathini na kitu utazisikia zote. Tena iko chini sana, dereva wa lori anaweza kosa kukuona. Hebu fikiria uko Thika Road na mathree inaovertake kushoto.

Bei? Mpya ni maelfu ya euro. Doh ya Vitz ya mkono wa pili, na bado utakanyaga mwenyewe.