Porojo Zilizoujenga Mtandao

Historia ya intaneti imezoea kusimuliwa kwa majina ya wahandisi na mafungu ya fedha. Tunaambiwa kwamba Wizara ya Ulinzi ya Marekani iligharimia mtandao wa ARPANET, kwamba mwaka 1969 kompyuta za taasisi nne ziliunganishwa, kwamba baadaye wataalamu walikubaliana kanuni za kupitisha data, na mambo yakaenda. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo, masimulizi hayo yanaacha swali moja likining'inia: watu walipopewa nyaya na mashine, walijuaje kuishi pamoja humo ndani? Nani aliwafundisha kumjibu mtu wasiyemwona, kutania bila kuvunjiana heshima, kumkwepa msumbufu, na kurudi kesho yake kutazama nani amejibu? Ninachodai ni kwamba desturi hizo zilizaliwa na porojo, yaani maongezi ya mambo mchanganyiko ambayo waliojenga mitambo hawakuyapangia, na ambayo wakuu wao aghalabu waliyahesabu kuwa upotevu wa muda wa kompyuta. Ushahidi upo, na baadhi yake unachekesha.

Tuanzie Berkeley, California, mwezi Agosti 1973. Kikundi cha wanaharakati wa kompyuta, wakiwemo Lee Felsenstein, Efrem Lipkin na Jude Milhon, kiliweka teletaipu katika duka la santuri la Leopold's, juu pale ngazi zinapoishia, karibu na ubao ambao wanamuziki walikuwa wakibandika vikaratasi vyao vya matangazo. Mradi wenyewe uliitwa Community Memory. Teletaipu hiyo iliunganishwa kwa laini ya simu na kompyuta kubwa kuukuu iliyokuwa ng'ambo ya ghuba, San Francisco. Ilichapa herufi 10 kwa sekunde, tena kwa makelele, hata ikabidi ifunikwe kwa sanduku la kadibodi lenye sponji ndani, plastiki angavu juu ili mtu asome, na matundu ya kupenyeza mikono. Pembeni alikaa mtu wa kuwaelekeza wageni. Amri zilizohitajika hasa zilikuwa mbili: ya kuweka ujumbe na ya kuutafuta. Waasisi walitegemea yale ambayo watu wenye nia njema hutegemea: matangazo ya kazi, vyumba vya kupanga, watu wa kuchangia usafiri wa gari. Wanamuziki ndio waliowahi, wakaanza kutafutana humo wapiga gitaa na wapiga ngoma. Kisha mtu mmoja akauliza wapi katika eneo lile angepata bagel nzuri, ule mkate wa duara wa Kiyahudi wenye tundu katikati, unaochemshwa kabla ya kuokwa. Walijitokeza wa kumtajia maduka. Lakini jibu moja lilimpa namba ya simu ya mtu aliyewahi kuwa mwokaji, aliyekuwa tayari kumfundisha kuzitengeneza mwenyewe.

Jibu hilo linastahili kutafakariwa. Aliyeuliza alitaka duka, akapewa mwalimu. Hakuna mpangilio wa matangazo ya kazi na nyumba ambao ungezaa jambo kama hilo, kwa sababu mpangilio wa namna hiyo hudhani kwamba mtu anajua anachokitaka na mwenzake anacho au hana. Mfumo wa Berkeley haukuwa na vichwa vya habari vilivyopangwa. Kila aliyeandika alijichagulia mwenyewe maneno ambayo wengine wangetumia kuupata ujumbe wake. Kwa hiyo maongezi yaliweza kutangatanga. Wengine waliandika mashairi. Mmoja alijibandika jina la Dr. Benway, mhusika wa riwaya za William Burroughs, akawa anaacha humo kejeli na mafumbo, na wasomaji wakaanza kumtafuta kwa jina kama watu wanaomtafuta mzungumzaji maarufu wa barazani. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, mashine ya matangazo ilipogeuka mahali pa watu. Mradi huo wa kwanza ulikoma mwanzoni mwa 1975. Ulipofufuliwa katika miaka ya 1980, kusoma kulikuwa bure, kuongeza neno lako kuligharimu senti 25, na kufungua mjadala mpya kuligharimu dola moja. Waasisi walikuwa wameelewa kilichokuwa na thamani.

Mwezi uleule wa Agosti 1973, katika Chuo Kikuu cha Illinois, kijana wa miaka 17 aitwaye David Woolley alikamilisha programu iliyoitwa Notes kwa ajili ya PLATO, mfumo wa kufundishia kwa kompyuta. Kazi yake ilikuwa kavu: watumiaji waripoti hitilafu. Kila ujumbe uliweza kufuatwa na majibu yasiyozidi 63, yakipangwa chini yake moja baada ya jingine, umbo ambalo wasomaji wa majukwaa ya Kiswahili leo wanaliita uzi. Mwaka 1976 programu hiyo ilipanuliwa ili watu wajifungulie mijadala ya mada yoyote, na hitilafu za mitambo zikabaki kuwa sehemu ndogo tu ya yaliyozungumzwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, mwezi Septemba 1982. Kwenye ubao wa kielektroniki wa chuo, wanasayansi wa kompyuta walikuwa wakichezea chemshabongo ya fizikia: kamba ya lifti ikikatika, mshumaa unaowaka ndani yake utafanyaje? Tone la zebaki lililo sakafuni je? Mmoja wao akaandika tangazo la mzaha la kuonya kwamba lifti fulani imechafuliwa na zebaki kutokana na jaribio la fizikia. Baadhi ya wasomaji waliolikuta bila kufuata mwanzo wa maongezi waliona ni onyo la kweli. Ukazuka mjadala, nusu mzaha nusu dhati, kuhusu namna ya kuutia utani alama ili usilete taharuki, na alama mbalimbali zikapendekezwa. Tarehe 19 Septemba, Scott Fahlman akapendekeza nukta mbili, kistari na mabano ya kufunga, alama ambayo ukiitazama kwa ubavu ni uso unaotabasamu. Na kwa mambo yasiyo ya utani, uso ulionuna. Ndani ya muda mfupi alama hizo zilikuwa zimefika kwenye vyuo na maabara nyingine. Tatizo lililotatuliwa hapo lilikuwa zito: maandishi ya haraka hayana sauti wala uso, na mzaha ukisomwa kama habari unaweza kuleta madhara. Hakuna kamati iliyokaa kulitafutia dawa. Dawa ilitoka kwa watu waliokuwa wakipoteza muda kwa kuzungumzia lifti.

Mtu anaweza kupinga kwamba ninageuza mambo kichwa chini miguu juu: bila fedha za jeshi na vyuo pasingekuwa na waya wowote wa kupitishia porojo. Ni kweli, na sidai kwamba soga zilinunua kompyuta. Lakini tuangalie nyaya hizo zilitumika kwa kazi gani. ARPANET ilijengwa ili watafiti watumie kompyuta za mbali kwa kazi nzito. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1973 ulikuta kwamba takriban robo tatu ya data iliyopita humo ilikuwa barua pepe. Miongoni mwa makundi ya mwanzo ya barua yaliyopata watu wengi lilikuwemo la wapenzi wa hadithi za kubuni za sayansi, SF-Lovers, ambalo husimuliwa kwamba liliwahi kufungwa kwa kujaza mtandao, likarudishwa kwa hoja kwamba msongamano wake ni jaribio zuri la uwezo wa mfumo. Hoja ya kijanja, lakini pia ilikuwa na ukweli ndani yake.

Usenet, mtandao wa makundi ya majadiliano, inaonyesha jinsi hata waliotaka kuzipanga porojo walivyoshindwa. Ilibuniwa mwaka 1979 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Tom Truscott na Jim Ellis, na ilisafiri kwa simu kutoka kompyuta hadi kompyuta, mara nyingi usiku simu zikiwa rahisi. Mwaka 1986 na 1987 wasimamizi waliyapanga upya makundi yote katika mafungu saba, moja kati yake likiwa la mchanganyiko, misc, la yale yasiyoingia kwingine. Humo ziliwekwa nafasi za kazi, vitu vya kuuza, na malezi ya watoto. Yaani mambo ambayo kwayo watu wazima huishi yaliwekwa kwenye kapu la masalia! Fungu jingine, talk, lilitengwa kwa mabishano, ili vituo visivyotaka kuyalipia viyaache yote kwa mkupuo. Brian Reid, aliyekuwa akisimamia kundi la mapishi, hakuridhika na mahali alipopangiwa. Yeye na wenzake wachache wakaanzisha mwaka 1987 fungu lao wenyewe, alt, nje ya mamlaka ya wasimamizi. Kundi la mapishi likaingia humo miongoni mwa ya kwanza, na baadaye fungu hilo likawa kubwa kuliko mengine mengi. Uasi ulianzia jikoni, na uliwashinda wenye mitambo.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Linasema: hao walikuwa wachache, wasomi, wengi wao wanaume Wamarekani, na kuita desturi zao msingi wa mtandao wa dunia ni kujitukuza kwa waliotangulia. Nusu ya pingamizi hilo naikubali. Teletaipu ya Berkeley ilikuwa wazi kwa yeyote aliyepanda ngazi, lakini waliopanda walikuwa wateja wa duka la santuri la mji wa chuo. Hata hivyo, jambo la kupima ni kama desturi zile zilibaki mali yao. Wakenya walianzisha jukwaa la mtandaoni la Mashada mwaka 1999. Watanzania wakaanzisha JamboForums mwaka 2006, ambayo sasa ni JamiiForums. Humo utakuta, pamoja na Jukwaa la Siasa, jukwaa la Habari na Hoja Mchanganyiko, majina ya kujibandika, wasimamizi, nyuzi, na utani wenye alama zake. Walioingia walizikuta desturi hizo, wakazitia Kiswahili chao, na kuzitumia kwa mahitaji ambayo vijana wa Illinois hawakuyawaza. Desemba 2016 Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, alikamatwa, na mashtaka yake yakahusu kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji. Jina la bandia, lililoanza kama mchezo wa Dr. Benway, lilikuwa limekuwa jambo la mahakamani.

Je, sumu? Porojo zina sumu, na anayeficha hilo anasema uongo. Mwaka 1994 mawakili wawili wa Arizona walimwaga tangazo lao la huduma za uhamiaji katika maelfu ya makundi ya Usenet. Januari 2008, wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi nchini Kenya, mwendeshaji wa Mashada, David Kobia, aliyafunga majukwaa yake kwa sababu ya chuki za kikabila zilizojaa humo, kisha akaanzisha tovuti nyingine ya kuzipinga. Hili halivunji hoja yangu, linaibana tu: maongezi huria huzaa desturi pale ambapo kuna wanaorudi kila siku kuzilinda, na Kobia alifunga alipoona walinzi wamezidiwa. Ikumbukwe pia kwamba zana za kujikinga, kama usimamizi wa makundi na orodha za kuwanyamazisha wasumbufu, zilitengenezwa na watumiaji hao hao, kwa sababu walitaka kuendelea kuzungumza.

Haya tunayajua kwa sababu kuna waliotunza. Henry Spencer, katika idara ya zuolojia ya Chuo Kikuu cha Toronto, aliweka kanda za sumaku 141 zenye maandishi ya Usenet kuanzia 1981, na ujumbe wa Fahlman ulipatikana tena mwaka 2002 baada ya wataalamu kufukua kanda za zamani za chuo chake. Huku kwetu, wenye seva za majukwaa ya Nairobi na Dar es Salaam, pamoja na wakutubi na wahifadhi wa nyaraka, wanapaswa kufanya vivyo hivyo mapema, wasichague siasa peke yake. Watunze na nyuzi za mapishi, za mahusiano, za mafundi wa magari, na hizo za mchanganyiko.