Nyota za Pembezoni



Atokaye sokoni Kariakoo usiku na kuinua macho mbinguni huona nyota chache mno, kwa kuwa taa za maduka na magari huzifunika zile dhaifu. Walakini juu ya mapaa hayo, upande wa kusini, hupita galaksi ndogo zisizoonekana kwa macho, ambazo historia yake yastahili tafakari yetu.

Mwaka 1938 Harlow Shapley wa Chuo Kikuu cha Harvard alitangaza galaksi hafifu katika kundinyota la Sculptor. Ilipatikana katika picha zilizopigwa kwenye kituo cha Boyden, karibu na Bloemfontein, Afrika ya Kusini. Hivyo galaksi ya kwanza ya aina hiyo ilitambuliwa kutoka anga la bara letu. Wataalamu huziita galaksi vibete, na zile hafifu kabisa zina nyota maelfu tu. Kwa miaka mingi walichunguza zaidi kitovu chake, kwani nyota za kando ni chache, nazo huchanganyika na za galaksi yetu.

Mwaka 2015 iligunduliwa Tucana II, iliyo umbali wa miaka ya nuru ipatayo 163,000. Anirudh Chiti na wenzake wakaamua kutazama kandokando yake. Kwa darubini ya SkyMapper, Australia, walizichuja nyota za kale kwa rangi. Kisha kwa darubini za Magellan, Chile, wakapima mwendo wake. Februari 2021 walitangaza kwamba nyota zilizo mbali sana na kitovu bado zimeshikwa na galaksi hiyo. Zimeshikwa na nini? Na maada isiyotoa nuru, ambayo uzito wake ulidhihirika kuwa mara tatu hadi tano ya makadirio ya awali. Hayo yote yalishuhudiwa na nyota chache za pembezoni.

Ndugu zangu, Kariakoo nayo ina ushuhuda wake. Jina hili latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikiweka hapa baada ya kuutwaa mji mwaka 1916. Wapagazi hao waliibeba vita ile mabegani, lakini sanamu ya mwaka 1927 katikati ya jiji ni ya askari mwenye bunduki. Aprili 2021, miezi miwili tu baada ya habari za Tucana II, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi: watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao.

Basi, kesho utakapompisha msukuma mkokoteni katika Mtaa wa Msimbazi, usimwambie tu "pole". Muulize jina lake.