Goti likipinda kinyume: kinachoumia ndani

Goti hukutanisha mifupa mitatu: fupa la paja, muundi, na kilegesambwa kinachokaa mbele. Mifupa hiyo hushikwa na kano nne kubwa, mbili za ubavuni na mbili zilizopishana ndani kama msalaba. Katikati kuna vipande viwili vya gegedu vinavyopunguza mshindo.

Mguu ukinyooka hadi mwisho, kano hukaza na kulizuia goti lisirudi nyuma. Wapo ambao goti lao huzidi nyuzi 5 hadi 10 bila shida yoyote, ndivyo walivyozaliwa. Tatizo ni nguvu ya ghafla. Mvuvi wa Ikola anaruka kutoka mtumbwini na ndoo ya dagaa, mguu unatua ukiwa umenyooka, unazama mchangani, na mwili unaendelea mbele. Mchezaji naye hugongwa goti kwa mbele huku mguu umekita chini. Hapo kano za msalaba huweza kuchanika. Wengi husikia mlio, kisha goti huvimba ndani ya saa chache.

Nyuma ya goti hupita mshipa mkubwa wa damu. Unyayo ukiwa wa baridi, umepauka au umekufa ganzi, hiyo ni dharura: damu ikikatika kwa saa 6 au zaidi, mguu unaweza kupotea. Usingoje kuche ndipo uanze safari ya Mpanda.

Goti lililoumia lisichuliwe wala kuvutwa, hata fundi awe hodari vipi. Lifungwe ubao jinsi lilivyo, liwekewe kitambaa cha maji baridi, na mgonjwa asilikanyagie.