Fahamu: Saa inayofanya kazi kama LUKU

Ukinunua umeme wa LUKU, uwe Nyololo au Mbeya mjini, mita haijali siku zimepita ngapi. Inahesabu uniti, zikiisha, inakata.

gem5, programu ya kuigiza kompyuta iliyotoka 2011, ina ujanja kama huo. Kuigiza kila hatua kunachosha, ni taratibu mno! Basi kupitia KVM ya Linux inaiachia prosesa halisi ikimbize kazi. Lakini diski na vifaa vingine vya kuigiza vinasubiri zamu, lazima prosesa irudi. Kaunta iliyomo ndani yake inaweza kuwekewa kikomo cha mizunguko. Ikifika, kengele inalia.

Saa ya kawaida ina kasoro gani? Linux ikihamishia prosesa kwenye programu nyingine, saa inaendelea kukimbia, kaunta inasimama. Ila kengele huchelewa kidogo, prosesa ikapitiliza amri kadhaa.