Kedi

Kedi (wingi: makedi) ni mtu anayefuatana na mchezaji wa gofu uwanjani, akimbebea mkoba wa fimbo na kumshauri. Kumwita mbeba mizigo ni kumpunja. Katika mashindano ya kila mtu kuhesabiwa mikwaju yake, sheria za gofu zinamruhusu mchezaji kuomba ushauri wa kedi wake peke yake. Hawezi kuwa na makedi wawili kwa wakati mmoja, na kedi akivunja sheria, adhabu inamwangukia mchezaji.

Neno lina asili ya Kifaransa: cadet, mwana mdogo wa kiume katika familia. Katika karne ya 17 Waskoti walilitumia kwa vijana wa koo bora walioingia jeshini bila cheo. Karne iliyofuata lilikuwa limeshuka hadi mitaani. Makedi wa mji wa Edinburgh walikuwa watu wa kutumwa: walipeleka barua, walibeba maji, waliwaongoza wageni vichochoroni, na walikuwa na chama chao chenye mkuu na kanuni. Kubeba fimbo za gofu ilikuwa kazi moja tu kati ya nyingi, lakini ndiyo iliyobaki na jina.

Masimulizi yanayopendwa zaidi kuhusu neno hili kuingia katika gofu yanamhusisha Malkia Mary wa Uskoti. Inasemekana alipokuwa Ufaransa, kati ya 1548 na 1561, alibebewa fimbo na wanafunzi wa kijeshi, kisha akarudi nyumbani na neno hilo. Hakuna maandishi ya wakati wake yanayothibitisha hivyo. Ushahidi wenye uzito kuhusu kedi wa mwanzo unamtaja Andrew Dickson, aliyembebea fimbo mwanamfalme James, baadaye Mfalme James wa Pili, kwenye uwanja wa Leith mnamo 1681 au 1682. Dickson, wakati huo mvulana, alikuwa akitangulia mbele kuangalia mpira unapodondokea.

Afrika Mashariki mchezo uliingia na ukoloni. Klabu ya Entebbe ilianza 1901. Kwa miaka mingi Mwafrika aliingia uwanjani akiwa na mkoba begani, si kama mwanachama. Huko ndiko alikojifunza. Wengi wa wachezaji wa kulipwa wa Tanzania, Kenya na Uganda walianza wakiwa makedi, wakiyasoma mapigo ya waliowabebea na kufanya mazoezi kwa fimbo za kuazima siku uwanja ulipokuwa na nafasi.

Mkazi wa Ilomba, jijini Mbeya, anayetaka kuona kazi hii Nyanda za Juu Kusini atafuata barabara kuu ya kwenda Iringa hadi Mafinga, kisha ataingia Mufindi, ambako gofu huchezwa katikati ya mashamba ya chai. Hapo thamani ya kedi mwenyeji huonekana mapema. Hewa ya milimani ni nyepesi, kwa hiyo mpira huenda mbali kuliko Dar es Salaam kwa pigo lile lile. Mgeni kutoka pwani akichomoa fimbo aliyoizoea, mpira utapita shabaha. Kedi humpa fimbo ya kupiga karibu zaidi. Wakifika kwenye grini, eneo la nyasi fupi lenye shimo, huchuchumaa na kutazama mteremko na nyasi zilikolalia, halafu huonyesha mahali pa kulenga. Mchezaji akianza kujiweka tayari kupiga, kedi lazima awe ameondoka nyuma ya mpira kwenye mstari wa shabaha, kwa kuwa kanuni iliyoanza 2019 inamzuia kusimama hapo kwa makusudi.

Mfano mashuhuri duniani ni wa 1913, pale Francis Ouimet, kijana wa miaka 20 aliyewahi kuwa kedi, alipotwaa ubingwa wa Marekani mjini Brookline huku mkoba wake ukibebwa na Eddie Lowery, mtoto wa miaka 10. Jina la Lowery linakumbukwa hadi leo. Magazeti yetu nayo, yanapoandika mikwaju ya mshindi, yamtaje na kedi aliyekuwa naye kwenye mashimo yote 18.