Mashogi ya pikipiki: jinsi ya kuchagua mikoba ya safari ndefu, kutoka Pwani hadi Mwea

Wako vijana wetu wanaofunga safari ya pikipiki kutoka Mombasa, Kilifi au Malindi hadi Mwea, kule Kirinyaga, kusini mwa Mlima Kenya. Wengine huenda kutembea, wakapitiliza hadi Karatina na Nyeri. Wengine hufuata pishori, mchele ambao biriani ya Pwani haikamiliki bila huo. Watu hawa hukagua injini, hubadilisha oili na matairi, lakini mzigo huufunga asubuhi ya safari, kwa kamba yoyote iliyo karibu. Hapo ndipo taabu inapoanzia.

Makala haya yaeleza jinsi ya kuchagua mikoba ambayo mtu hukifikia anachokihitaji bila kufungua mzigo wote kando ya barabara.

Kwa nini jambo hili ni zito

Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480, na Nairobi hadi Mwea ni kama 100 nyingine, kupitia Thika, Kenol na njia panda ya Makutano. Sehemu kubwa ya njia hiyo waishiriki na malori ya bandarini. Kati ya Voi na Mtito Andei barabara yakata mbuga ya Tsavo, na ndovu huvuka. Kila dakika unayosimama pembeni ukifungua kamba, huku mgongo umeyapa malori, ni dakika ya hatari. Mkoba mzuri hukupunguzia dakika hizo.

Tena hali ya hewa hubadilika. Waondoka Mombasa kwa joto, wafika Nyeri, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ukitetemeka. Mwezi wa Julai milima hiyo huwa na baridi na manyunyu. Mvua za masika, Machi hadi Mei, na za vuli, Oktoba hadi Desemba, zaweza kukukuta popote. Koti la mvua lililo chini ya nguo zote ni sawa na kutokuwa nalo, kwa kuwa hulivai mpaka umekwisha kulowa.

Kanuni ya punda

Wazee wetu wa Lamu hawakuhitaji kitabu kujua kupakia. Shogi la punda huning'inia pande mbili, uzito sawa kulia na kushoto, na chini kadiri iwezekanavyo. Pikipiki nayo yataka hivyo hivyo. Vitu vizito viwe chini na karibu na dereva. Vyepesi viwe juu na nyuma. Uzito ukikaa juu ya keria, nyuma ya gurudumu, gurudumu la mbele huwa jepesi, usukani huyumba, na breki ya mbele haishiki vyema.

Ongeza kanuni ya pili: kitu unachokihitaji kwa haraka kikae juu, au kiwe na mfuko wake peke yake.

Aina za mikoba

Mkoba wa tangi hukaa mbele yako, na huo ndio wa kufikiwa haraka zaidi. Weka humo leseni, karatasi za bima, pesa kidogo, maji na tochi. Ukisimamishwa na polisi, hushuki hata kwenye kiti. Pikipiki ndogo kama Boxer na TVS zina tangi jembamba, kwa hivyo chagua mkoba mdogo wa kufungwa kwa mikanda. Wa sumaku haushiki kwenye plastiki. Hakikisha hauzuii usukani kugeuka hadi mwisho, kulia na kushoto.

Mashogi ya kitambaa, ya turubai au nailoni nzito, ni mepesi na ukianguka hayavunji mguu. Mabaya yake ni kwamba hayana kufuli, na yakigusa bomba la moshi huungua. Yasikaribie bomba wala gurudumu. Mwambie fundi wa kuchomelea akuwekee vyuma vya pembeni vya kuyazuia.

Masanduku magumu ya pembeni hufungwa kwa ufunguo na huzuia mvua. Chagua yanayofunguka kwa juu. Yanayofunguka kwa ubavu humwaga kila kitu chini. Kumbuka pia upana: pikipiki yenye masanduku haipiti pale ilipokuwa ikipita.

Sanduku la nyuma hufaa kofia, koti la mvua na sweta, vitu vyepesi. Usiligeuze kuwa ghala.

Begi la kukunja mdomo halipitishi maji kabisa, lakini kulifungua ni kazi. Tia humo nguo za kulala na vitu ambavyo hutavihitaji mpaka ufike.

Ukinunua, tazama mambo haya: zipu ziwe kubwa, za kuvutika hata umevaa glavu; ndani pawe na rangi nyeupe au ya njano, kwa kuwa kitu cheusi hupotea ndani ya begi jeusi; na mikanda iwe mipana. Huna haja ya kununua vya ng'ambo. Mafundi wanaoshona viti vya matatu na maturubai ya malori wanaweza kukushonea mashogi imara ukiwapa vipimo. Vyuma vipakwe rangi vizuri, maana chumvi ya bahari huvila.

Tope la Mwea

Ardhi ya mashamba ya mpunga ni udongo mweusi wa kunata. Mvua ikinyesha, njia za kandokando ya mifereji huwa utelezi, na tope hujaa baina ya gurudumu na matagadi. Mikoba iliyo chini sana hukwama humo, na zipu huziba. Kwa safari hiyo, mkoba wa chini uwe na kifuniko cha kufunika zipu. Pitisha mshumaa kwenye meno ya zipu kabla ya kuondoka. Hurahisisha kuteleza na huzuia kutu. Ukifika mji wa Wang'uru, ambao wenyeji wengi huuita Ngurubani, acha mizigo unapolala kabla ya kuingia mashambani.

Mpango wa kupakia

Mbele, kwenye tangi: hati, simu, maji, tochi.
Shogi la kulia: spana, pampu, vifaa vya kuziba pancha, kebo ya klachi ya akiba. Visichanganywe na nguo.
Shogi la kushoto: chakula na nguo nzito, kwa uzito unaolingana na wa kulia. Vifaa vya huduma ya kwanza viwe juu kabisa, na mwenzako ajue vilipo.
Nyuma, juu: koti la mvua, sweta, na mswala, ili sala isikupite kwa sababu ya kamba.

Ukibeba abiria, sheria ya Kenya yaruhusu mmoja tu, naye avae kofia ngumu na jaketi la kung'aa kama wewe. Uzito wake umo katika hesabu ya uzito wa juu ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki.

Jaribio la dakika moja

Siku moja kabla ya safari, pakia kila kitu, vaa kofia na glavu, kisha mtu wa nyumbani akuitie: "Leseni! Koti la mvua! Pampu!" Kila kimoja kitoke kwa dakika moja bila kufungua kingine. Kikishindikana, panga upya. Halafu endesha kilomita kumi, urudi uguse kila mkanda. Uliolegea utauona hapo mtaani kwako, si Taru.

Kurudi na pishori

Hapa ndipo wengi hukosea. Gunia la kilo 25 huwekwa juu ya keria, likafungwa kwa mipira ya tyubu, na safari ya zaidi ya kilomita 500 ikaanza. Mpira huo hunyooka kila ukipita bonde, na gunia husogea upande mmoja ukiwa kwenye kona. Kama ni lazima ubebe, gawa kilo kumi kila upande ndani ya mashogi, na upunguze vitu vingine. Ukitaka zaidi, mpe mwenye basi au lori la mizigo. Nauli ya gunia haifikii gharama ya mguu.

Waswahili walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayekuambia "funga tu, utafika" si yeye atakayeushikilia usukani Mtito Andei jua likizama.