Upashaji Moto wa Mawe ya Kuchongea Zana katika Zama za Mawe za Kati: Tathmini ya Ushahidi kutoka Afrika Kusini

Katika historia ya teknolojia, matumizi ya moto katika kubadili mali ghafi huhesabiwa kwa kawaida kuanzia ufinyanzi na ufuaji wa metali. Hata hivyo, utafiti wa akiolojia umeonyesha kuwa wachongaji wa zana za mawe walipasha moto mawe yao makumi ya maelfu ya miaka kabla ya chungu cha kwanza kufinyangwa. Makala haya yanatathmini ushahidi huo na swali linaloendelea kuwagawa wataalamu: je, upashaji moto wa mawe ni kielelezo tosha cha uwezo mkubwa wa kufikiri wa watu wa zama hizo?

Suala hili lilipata msingi wa kitaaluma mwaka 1964, Don Crabtree na B. Robert Butler wa Marekani walipochapisha matokeo ya majaribio yao. Walionyesha kuwa mawe yenye silika, gumegume likiwa mojawapo, yakipashwa moto kwa kadiri huchongeka kwa urahisi zaidi. Ufa husafiri ndani ya jiwe bila kukwama, vibanzi hubanduka vikiwa vyembamba na virefu, na makali huwa mazuri zaidi. Lakini jiwe huhifadhi maji ndani yake. Joto likipanda kwa ghafla, mvuke hukosa njia ya kutokea na jiwe hupasuka, kama chungu kibichi kinavyopasuka kikitiwa motoni kabla ya kukauka. Kwa mchongaji anayeanza kujifunza, hapo ndipo penye mtihani: moto unaolainisha kazi ndio huohuo unaoweza kuharibu jiwe zima.

Mwaka 2009, Kyle Brown, Curtis Marean na wenzao walichapisha matokeo ya utafiti wa Pinnacle Point, karibu na Mossel Bay. Zana nyingi za huko zilichongwa kwa silkriti, jiwe ambalo katika hali yake ya asili halichongeki vizuri. Watafiti walizika vipande vya silkriti katika mchanga, wakakoka moto juu yake na kuongeza joto polepole hadi kufikia takribani nyuzi 350 za Selsiasi. Jiwe lilibadilika na kuchongeka. Vipimo vya usumaku na vya mng'ao wa uso vilithibitisha kuwa zana za kale nazo zilipitia moto. Walihitimisha kuwa desturi hiyo ilikuwa imeenea miaka 72,000 iliyopita, na huenda ilianza miaka 164,000 iliyopita. Kwa kuwa njia ya mchangani hudai muda, kuni na uangalizi, waliiona kuwa dalili ya fikra changamani.

Hitimisho hilo lilipingwa na Patrick Schmidt na wenzake. Majaribio yao yalionyesha kuwa silkriti, tofauti na gumegume, huvumilia kupashwa moto kwa haraka, hata ikiwekwa moja kwa moja kwenye makaa. Mwaka 2015 walieleza kuhusu masalia meusi ya lami ya mimea kwenye zana za pango la Diepkloof, masalia yanayotokea jiwe linapogusana na makaa. Ikiwa ndivyo, moto wa kawaida wa kupikia ungetosha, na hoja inayojengwa juu ya ugumu wa mbinu hupoteza nguzo yake kuu.

Hata hivyo, pingamizi hilo haliufuti ushahidi wenyewe. Swali la namna jiwe lilivyopashwa moto linapaswa kutenganishwa na swali la iwapo lilipashwa kwa makusudi. Kuhusu la pili, jibu limo katika uso wa zana. Uso uliochongwa kabla ya moto hubaki umefifia, ilhali uliochongwa baada ya moto hung'aa. Kipande chenye nyuso zote mbili kinaonyesha mfuatano wa kazi: kuchonga, kupasha moto, kisha kuchonga tena. Jiwe lililoangukia motoni kwa bahati baada ya zana kukamilika haliachi alama za aina hiyo. Aidha, katika tabaka la takribani miaka 65,000 la Klipdrift, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa zaidi ya asilimia 90 ya silkriti ilipashwa moto. Kiwango hicho hakielezeki kwa ajali.

Kwa hiyo, kinachothibitika ni kidogo kuliko yaliyodaiwa mwaka 2009, lakini si haba. Mbinu yenyewe huenda ilikuwa nyepesi. Maarifa yaliyoiongoza hayakuwa hivyo. Mchongaji alipaswa kujua kuwa jiwe lisilofaa leo litafaa baada ya moto, ingawa hakuna dalili ya nje inayomwonyesha hivyo kabla ya kujaribu. Maarifa ya namna hiyo, yakidumu vizazi kwa vizazi, hudai mafunzo. Tathmini ya akili za watu wa kale ingejengwa kwa uthabiti zaidi juu ya urithishaji huo wa ujuzi kuliko juu ya saa zilizotumika kando ya moto.